Makochi Yangu kwa Jirani

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa aliingia kwangu asubuhi moja ya Julai, akakataa kukaa. Alisimama katikati ya sebule akayatazama makochi yangu namna dalali anavyotazama mali ya mnada. Akatazama friji, akatazama televisheni, akatazama kabati la vyombo, akashusha pumzi.

"Mama," akasema, "hii nyumba haiwezi."

"Haiwezi nini?"

"Haiwezi kutembelewa. Mtu aje kumwona mhitaji akute friji. Atamwombea nini sasa? Stima isipotee?"

Nilikuwa nimetoka Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, macho bado yananiwasha kwa moshi. Kazi yangu ni vichwa na miguu ya mbuzi. Nanunua kwa wachinjaji, nachoma manyoya kwa chuma cha moto, nakwangua, napasua, nachemsha, nauza supu. Nilianza na karai la kuazima, mume wangu akiwa mfanyakazi wa reli asiye na cheo, na leo nina kibanda chenye meza na watu wa kunisaidia. Kwa vichwa hivyo nimesomesha watoto, nimejenga nyumba ya matofali huko kwetu magharibi, na nimenunua kila kitu alichokuwa akikitazama yule mzee. Vitambaa vyeupe vya makochi nilivifuma kwa mkono wangu wakati mume wangu amelazwa, nikikaa kando ya kitanda chake mchana kutwa bila la kufanya. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Lakini sijawahi kupanga foleni ya unga wa bure, uwe wa kanisa au wa mwanasiasa, na nimelisema hilo mbele za watu mara nyingi kuliko inavyofaa.

Na bado ni mimi niliyekuwa nimemwita mwenyekiti, nikamwambia aniweke kati ya wahitaji.

Sababu ni mjukuu wangu. Mwanangu wa kwanza alienda ng'ambo kusoma, akaoa huko, halafu karatasi zake zikakwama. Akitoka hataruhusiwa kurudi kwa mtoto wake, kwa hiyo hatoki. Baba yake tulimzika bila yeye. Aliyaona mazishi kupitia simu ambayo mtu alikuwa ameinyanyua juu ya vichwa vya watu. Huko ana binti mmoja, msichana mkubwa sasa, amempita mama yake kimo. Mimi nilimjua kwenye simu tu. Uso unakuja, unaganda mdomo wazi, unapotea. Ananiita Kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha yetu, na Kiswahili anakisema kidogo kidogo kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Sasa shule yake, wakifunga likizo yao ndefu, huchukua vijana ikawapeleka nchi za mbali kujitolea. Watu wa kanisa lao huchanga nauli. Mwaka huo wakachagua kuja Nairobi, kupaka rangi shule ya chekechea iliyo kwenye uwanja wa kanisa letu, hapa Makongeni. Mwanangu alinipigia simu.

"Mama, mtoto anakuja huko."

"Huko wapi?"

"Huko kwako. Nilisukuma kidogo, lakini wamechagua wenyewe."

"Basi atalala kwangu."

Akanyamaza. Ukimzaa mtu unajua kunyamaza kwake.

"Mama, wana sheria zao. Nimeshaweka sahihi."

Sheria zenyewe zilikuwa hivi. Wote wanalala nyumba ya wageni upande mwingine wa mji, yenye geti na mlinzi. Wanaletwa na basi asubuhi, wanarudishwa jioni. Hakuna anayetoka kwenye kikundi, hakuna anayekula chakula ambacho mpishi wao hakupika. Ndugu wa mtoto wanaweza kuja kumsalimu pale kanisani.

"Hata nyanya yake?"

"Hata nyanya. Nilijaribu, Mama."

Nieleze jambo moja, maana msomaji mwingine si wa kwetu. Mtoto wa mwanao akija kwa mara ya kwanza, huwezi kusema amefika kama hajaingia mlangoni kwako akakaa akala. Anachinjiwa kuku. Mnaweza kuwa mmesalimiana barabarani, mmekumbatiana, mmelia. Watu watakuuliza, alikula? Ukisema hapana, basi huyo alipita tu. Na huyu wangu alikuwa anakuja kwa niaba ya watu wawili. Kila ambacho baba yake angekula katika nyumba hii miaka yote hiyo, alikuwa aje akile yeye. Sikuhitaji kitu kingine. Aingie, akae, ale. Kuku nilikuwa nimeshamtenga.

Walifika na kaptura. Kwao ni wakati wa jua, na hakuna aliyewaambia kwamba Nairobi mwezi wa saba hatulioni. Walikuwa wamejipaka mafuta meupe ya kukinga jua, na miguu imewasimama vipele kwa baridi. Wakapewa brashi na ndoo, wakaelekezwa ule ukuta wa chekechea. Naujua ukuta ule. Kikundi cha mwaka uliopita kiliupaka buluu, waliowatangulia waliupaka manjano, na kila Krismasi watoto wa chekechea wanakuwa wameshaurudisha kuwa rangi ya mikono yao. Siwacheki. Nilisimama langoni nikawaangalia, nikaona watoto waliochoka. Walikuwa wameambiwa wanakwenda kubadilisha maisha ya watu, kisha wakaonyeshwa ukuta. Mmoja alikuwa amelala ameketi juu ya mkebe wa rangi, brashi bado mkononi.

Nilikuwa nimebeba hotpoti ya maandazi na mayai. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, miwani minene, sauti imekauka kwa kuita watoto. Mwenyekiti, ambaye alikuwa karani wa kanjo, ofisi za jiji, zamani na Kiingereza chake anakipenda kuliko mkewe, alitutafsiria. Kusalimiana, sawa. Chakula, yule mama akaweka mkono kifuani akatikisa kichwa. Mwaka mwingine, nchi nyingine, watoto walikula kitu wakaharisha hadi wakalazwa, na ni yeye aliyewapigia wazazi simu. Sikumchukia. Mtu aliyebebeshwa watoto wa watu huwa na uso ule.

Kisha mjukuu wangu akaja mbio, rangi imemdondokea kwenye paji la uso.

"Kukhu," akasema.

Masikio ni ya babu yake. Simu haionyeshi masikio vizuri, kwa hiyo sikuwa nimejua. Mikono ilikuwa baridi kama ya mtu aliyeoshea vyombo nje. Nilivua sweta yangu nikamvalisha, akaniangalia, nikamwangalia, maneno tuliyokuwa nayo pamoja yakaisha upesi. Wakaitwa. Akaenda.

Nikarudi na hotpoti imejaa. Vijana wa mtaa walikuwa wameegemea ukuta hapo nje.

"Niaje shosh. Kwani ndazi zimekataliwa?"

"Zimekataliwa."

"Si utuletee sisi basi. Sisi tumbo zetu hazina sheria."

Niliwapa. Nyumbani nilimkuta jirani yangu anaanika nguo. Ni mama wa Ukambani, mke wa dereva mstaafu, na tumegawana ukuta mmoja tangu watoto wetu wakiwa uchi. Hakunisalimu hata. Aliuliza tu, "Alikula?"

Nikapita nikaingia ndani.

Mwenyekiti ndiye aliyenipa njia, jioni hiyohiyo. Alisema katika ratiba ya wageni kuna siku ya kutembelea nyumba za wahitaji. Wanaingia wote na kiongozi wao, wanaleta unga, mafuta na sabuni, wanasikiliza shida za mwenye nyumba, wanaomba, wanatoka. Nyumba ikiwa kwenye ratiba, hakuna sheria ya kutoka kundini inayovunjwa; ile ya chakula ningeijua mimi wakishaingia.

"Niweke," nikasema.

Alicheka. Akacheka mpaka akaona sicheki.

Ndio maana asubuhi ile alikuwa amesimama kwenye sebule yangu akikataa kukaa. Alikuwa na wasiwasi wake, simlaumu. Wale wageni walikuwa wameahidi kununulia chekechea tangi la maji. Wakiona mhitaji ana televisheni kubwa kuliko yao, wangesema sisi ni waongo, na tangi lingekwenda mtaa mwingine.

"Hivi vitu vitoke tu," akasema. "Siku moja. Jirani atakuwekea."

Siku nyingine ningemfukuza. Lakini nilikuwa nimechoka. Watu wanafikiri kiburi ni chepesi kwa sababu hakionekani. Kinabebwa sawasawa na karai la vichwa, na huku kwenye mabega yangu hakuna nafasi tena. Nikasema sawa. Vitoke.

Tulivibeba, vijana wakatusaidia, tukavipanga kwa jirani mpaka akakosa pa kupita. Yeye alikuwa amefurahi kama mtu aliyeozwa tena. Alikaa kwenye kochi langu kubwa akanyoosha miguu.

"Leo mimi ndio mama tajiri. Wewe maskini, unataka nini mlangoni kwangu?"

"Usikalie kitambaa."

"Kitambaa cha kutokaliwa ni cha nini? Ndio maana Mungu amekunyang'anya."

Sikutoa picha ya mume wangu. Mwenyekiti alisema ina fremu ya dhahabu. Nilimwambia huyo haendi kwa jirani, hakwenda hata alipokuwa hai. Picha ikabaki. Ndani nikaachiwa benchi la kanisa, meza ndogo, jiko, na kitanda changu pembeni. Sakafuni, pale miguu ya makochi ilipokuwa, saruji ilikuwa na alama nyeusi. Nilizisugua, hazikutoka.

Siku yenyewe nilifunga kibanda. Kuku alikuwa motoni tangu asubuhi, wa kienyeji, amenona. Mwenyekiti alikuja mapema kukagua, akasimama mlangoni akanusa.

"Mama. Hiyo harufu."

"Ya nini?"

"Unajua ya nini."

"Kwani mhitaji hali kuku?"

"Si mzima, Mama. Na si wa kunuka hadi Jogoo Road."

Akafungua madirisha, akavua kofia, akaanza kupepea harufu itoke nje, mzee wa watu, amevaa tai. Mimi nikaifunga sufuria kwa blanketi nikaisukuma chini ya kitanda. Halafu tukakaa kwenye benchi tukingoja, hatuangaliani.

Wakaja. Vijana wengi katika chumba kile, wengine wamebaki mlangoni, wameshika pakiti za unga kama watu walioshika mtoto wa jirani. Kiongozi aliingia, akaniona, akanikumbuka. Alimgeukia mjukuu wangu, akanigeukia mimi. Alivua miwani akaifuta, akairudisha.

Mjukuu wangu alikuwa amevaa sweta yangu. Aliingia akitabasamu, mwenzake akiwa amemshika mkono, na hatua ya pili akasimama. Alitazama mahali kochi kubwa lilipofaa kuwa. Akatazama mahali pa kabati. Akamwona babu yake ukutani, kwa hiyo akajua hajapotea nyumba. Kisha akaziona zile alama sakafuni.

Wenzake walikuwa wanaweka unga miguuni pangu. Kiongozi akasema kitu kwa sauti ya chini, mwenyekiti akanitafsiria: "Anaomba utusimulie maisha yako kidogo. Changamoto."

Lakini mimi nilikuwa namwangalia mtoto. Wenzake pia walikuwa wameanza kumwangalia, kwa ile huruma inayokunja uso. Mmoja alimsugua mgongo, kama wanavyosugua mgongo wa mfiwa. Mpaka saa ile nilikuwa nimefikiria mlango tu, jinsi ya kumpitisha mlangoni. Sikufikiria ataona nini akishaingia.

"Kukhu," akasema, na alikuwa analia, "viti viko wapi? Baba alisema kuna viti. Na nguo nyeupe juu. Wewe umefanya kwa mkono."

Nikaangalia benchi.

"Baba hatumi pesa?" akauliza.

Hapo nikasikia uchungu ambao sijui niuweke wapi. Mwanangu huomba kutuma, ni mimi ninayemkataza, namwambia asomeshe mtoto. Na sasa mtoto huyo angerudi amwambie baba yake kwamba mama yake anakaa kwenye benchi katika chumba kitupu na anapewa unga na wanafunzi. Mwanangu angeyasikia hayo katika nchi asiyoweza kutoka, aje aone mwenyewe ni uongo. Angeyabeba mpaka azeeke.

Mwenyekiti alininong'oneza, "Sema tu maisha ni magumu, tuombe, wamalize."

"Mwenyekiti," nikasema, "tafsiri ninavyosema. Usipunguze. Mwambie huyo mama mimi si mhitaji. Makochi yangu yako nyuma ya ukuta huu, kwa jirani, yamekwenda jana. Friji iko huko, televisheni iko huko. Nimefanya hivyo kwa sababu huyu ni mtoto wa mwanangu, na sheria yenu ilisema hawezi kula kwangu. Akili ya kuhamisha vitu ni yangu, kamati haikujua."

Hilo la mwisho lilikuwa la kumsitiri yeye. Alinitazama, akakohoa, akasema kwa Kiingereza kitu kifupi sana.

"Hiyo ni fupi," nikamwambia. Kiingereza sijui, lakini urefu naujua.

Akatazama viatu vyake, akaanza upya. Safari hii ilikuwa ndefu. Vijana walianza kutazamana. Mjukuu wangu aliacha kulia, mdomo ukabaki wazi kama wakati simu inapoganda. Kiongozi alisikiliza mpaka mwisho, midomo ameibana, na sikujua anabana hasira au nini.

Aliyejibu kwanza ni ukuta. Kuta za nyumba hizi za reli hazifichi siri, na jirani yangu alikuwa ameegemea upande wa pili na sikio lake lote.

"Kujeni mchukue viti vyenu," akaita. "Mgongo wangu umeshapumzika."

Yule mama wa miwani akauliza amesema nini. Mwenyekiti akatafsiri, maskini, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Kiongozi akavuta pumzi, akasema neno, akaelekeza mlango kwa kidole.

"Anasema," mwenyekiti akaniambia, haamini, "si basi wayarudishe."

Nimeona watu wengi wakibeba vitu vyangu, lakini sijaona waliobeba vibaya namna ile. Kochi kubwa waliliingiza kwa upana likakwama mlangoni, nusu yao ndani, nusu nje, wanabishana. Vijana wa mtaa wakajaa hapo kufundisha.

"Lalisha, buda, lalisha. Hiyo kona kwanza. Zii, si hiyo."

Hawakuelewana neno hata moja, na kochi likaingia. Friji waliibeba polepole kama wanabeba mgonjwa. Mmoja akagonga kidole, akarukaruka mguu mmoja, na wengine wakamcheka, na nikagundua kwamba tangu waje sikuwa nimewasikia wakicheka. Walikuwa wametokwa na jasho katika baridi ile. Mjukuu wangu hakubeba kochi. Alikwenda kwa jirani akaleta vitambaa, amevikumbatia kifuani, akavitandika kimoja kimoja. Aliviweka upande. Nikavinyoosha nyuma yake, hakuona.

Kila kitu kiliporudi, kiongozi alitazama chini ya kitanda, kwa maana blanketi lilikuwa linatoa mvuke. Kisha akachukua simu yake, akasema anatoka kuongea na dereva wa basi. Basi lilikuwa pale pale, dereva amelala ndani. Yule mama alisimama uani na simu sikioni muda mrefu, midomo haisogei. Jirani alimpelekea chai, akainywa.

Nikavuta sufuria. Nikasonga ugali kwa unga wangu. Ule wao sikuufungua. Nikampakulia mjukuu wangu paja, na juu ya paja nikaweka firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mwenye nyumba. Baba yake angekuwa ameketi pale angeipata yeye, kwa hiyo ilikuwa ya huyu. Nilimpa sahani kwa mikono miwili.

Aliitazama sahani. Akanitazama. Akamgeukia mwenyekiti akamwambia kitu polepole, na mwenyekiti akafumba macho.

"Mama," akasema, "mtoto anasema hali nyama."

"Hali mbuzi?"

"Hali nyama yoyote. Aliacha mwenyewe."

"Kuku ni nyama?"

"Inaonekana ni nyama."

Jirani yangu alikuwa mlangoni na birika. Aliliweka chini. "Mjukuu wa mwenye vichwa," akasema, "mjukuu wa Kiamaiko," na akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nilikaa. Nilikaa kwenye kochi langu mwenyewe na sahani mikononi, na sikuwa na nguvu hata ya kukasirika. Nilikuwa nimetoa vitu nje, nimevirudisha, nimejifanya mhitaji, nimejivua uhitaji, nimeaibisha mzee wa kanisa na nimemliza mtoto, yote kwa ajili ya paja lile. Magoti yaliniuma. Nilifikiria kumwambia aondoke tu na wenzake, aandikwe kati ya waliopita.

Akachuchumaa mbele yangu. "Kukhu, kuna chakula kingine?"

"Hakuna."

Hakukuwa na cha kumpa mgeni, hivyo ndivyo nilivyomaanisha. Kulikuwa na mrenda wa jana kwenye kisufuria, niliokula peke yangu na kubakiza. Mrenda ni mboga ya kwetu, inavutika kama gundi, na watu wasio wa kwetu wakiiona wanasema wameshiba. Mgeni hapewi, na kiporo ndiyo kabisa. Yeye alifuata macho yangu, akaenda akafunua kifuniko.

"Mrenda," akasema. Hakuuliza. "Baba anapika. Kila Jumapili."

"Anautoa wapi huko?"

"Duka ya Waarabu. Kwa barafu."

Nikaupasha moto. Alinawa mikono, akakaa kwenye kochi, kitambaa nyuma ya kichwa chake. Alimega ugali, akautia shimo kwa dole gumba, akauchovya, akaunyanyua, na ule uzi wa mrenda ulipomfuata akageuza kiganja mara moja akaukata hewani. Hivyo. Baba yake alikuwa akiukata hivyo, hapo hapo, akiwa na kaptura ya shule. Sikumfundisha huyu mtoto. Kuna mtu alikuwa amekaa kwenye meza ya mbali Jumapili baada ya Jumapili, akamfundisha kula nyumbani kwangu.

Alimaliza akanyoosha sahani. Nikamwongeza.

Kuku wakamla wenzake, kimya, kwa haraka, kama watoto wowote waliobeba vitu vizito. Firigisi nilikula mimi. Nyumba hii haina mwenye nyumba mwingine.

Kabla basi halijaondoka niliwarudishia unga wao, na mafuta, na sabuni, nikawaonyesha nyumba ya karibu na mwisho wa safu. Kuna mama huko amevimba miguu na hana mtu. Walivipeleka. Kiongozi alinishika mkono alipoaga, akaniambia asante kwa Kiswahili, na nikaona kiatu chake kimoja kimepasuka kisigino. Nikamwonyesha. Akainua mabega. Mjukuu wangu alinirudishia sweta nikaikataa.

Mwanangu alipiga jioni.

"Alikula?"

"Alikula."

"Kuku?"

"Mrenda."

"Wa jana?"

"Wa jana."

Nikamsikia anapenga kamasi. Tuliongea mengine, hali ya hewa, goti langu, tukakata simu.

Tangi lilikuja, dogo kuliko walivyoahidi. Mwenyekiti hakuja kwangu kwa muda. Alipokuja, safari hii alikaa, kwenye kochi la karibu na mlango, akakubali chai. Alizunguka zunguka na habari za kanisa, kisha akasema kuna wageni wengine mwezi wa kumi na mbili, vijana tena, wa shule nyingine. Ukuta ungepakwa kijani.

"Na wanataka kutembelea nyumba," akasema. "Wale wa kwanza walikwenda wakaisifu hii."

"Mimi si mhitaji. Uliambiwa na ukatafsiri."

"Si lazima uwe mhitaji. Tumebadilisha ratiba. Tunasema ni kutembelea wazee."

Nilitazama magoti yangu. Nikakumbuka yule aliyelala juu ya mkebe wa rangi, na wale walivyokula.

"Walete," nikasema. "Lakini makochi hayatoki. Na uwaulize mapema nani hali nyama."

Mwenyekiti akashusha pumzi, akaegemea nyuma na kikombe chake. Nikamwambia ainue kichwa, mafuta yake ya nywele yanaharibu kitambaa.